Gideon Were: Mtafiti Aliyewasikiliza Wazee wa Pande Zote

Wahenga walinena kwamba penye wazee haliharibiki neno. Lakini je, wazee wenyewe wakitofautiana, lishikwe neno la nani? Swali hili ndilo lililomkabili marehemu Profesa Gideon Saulo Were, mmoja wa wanahistoria wa kwanza wa Kenya huru, alipojitosa kutafiti historia ya Waluhya katika miaka ya 1960.

Were alizaliwa magharibi mwa Kenya katika miaka ya 1930, naye mwenyewe alikuwa Mluhya. Alisoma wakati ambapo historia ya Mwafrika shuleni ilianza siku Mzungu alipotia guu pwani. Wanazuoni wengi walishikilia kwamba pasipo maandishi hapana historia. Hata hivyo, mambo yalikuwa yameanza kubadilika. Mnamo 1961 Jan Vansina alichapisha kwa Kifaransa kitabu chake kuhusu masimulizi kama chanzo cha historia, na Bethwell Ogot alikuwa akiwahoji wazee wa Kijaluo. Were akajiunga na kundi hilo dogo lililoamini kwamba mzee asiyejua kusoma aweza kuwa mtaalamu.

Mazingira ya utafiti wake hayakuwa mepesi. Nchi inayoanzia Bungoma na kupitia Webuye na Kiminini hadi Kitale ilikuwa na mgogoro wa ardhi. Chini ya ukoloni, Trans Nzoia ilitengewa walowezi wa Kizungu. Mnamo 1962, tume ya mipaka ya majimbo ilipokusanya maoni, viongozi wa Wabukusu walitaka Kitale iwe katika Jimbo la Magharibi. Hatimaye ikawekwa Bonde la Ufa. Baada ya uhuru wa 1963, mashamba ya walowezi yakaanza kugawanywa. Katika hali hiyo, swali la nani alifika kwanza halikuwa porojo za kuotea moto. Mzee aliyeulizwa babu zake walitoka wapi aliweza kuhisi kwamba anaulizwa wajukuu zake watalima wapi.

Hapo ndipo busara ya Were ilipodhihirika. Hakutosheka na masimulizi ya watu wake. Aliwahoji wazee wa makundi mbalimbali ya Waluhya, kisha akawaendea majirani zao: Wateso na Wakalenjin wa Mlima Elgon, ambao leo wengi wao huitwa Wasabaoti. Jambo lililotajwa na upande mmoja pekee lilihitaji kupimwa. Lililokubaliwa na mahasimu wawili lilikuwa na uzito zaidi, kwani hapakuwa na sababu ya wao kulipatanisha.

Kazi nyingine ngumu ilikuwa kutafuta tarehe. Wabukusu wana marika manane ya tohara: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Majina haya huzunguka na kurudi tena baada ya takriban karne moja. Kwa hiyo, mzee akisema tukio fulani lilitokea zama za Maina, mtafiti hana budi kuuliza ni Maina wa mzunguko upi. Were aliyapima marika pamoja na nasaba za koo, kisha akayalinganisha na maandishi ya maafisa wa kikoloni. Tukio kama vita vya Chetambe vya 1895, karibu na Webuye, lina tarehe iliyoandikwa, hivyo laweza kuwa nguzo ya kuegemeza masimulizi mengine.

Matunda ya kazi hiyo yalitoka mnamo 1967. Kimoja ni kitabu chake cha historia ya Waluhya, A History of the Abaluyia of Western Kenya. Cha pili, Western Kenya Historical Texts, kilichapisha masimulizi yenyewe aliyoyakusanya. Huu ulikuwa uungwana mkubwa wa kitaaluma, maana msomaji asiyeafikiana na Were aliweza kurejelea maneno ya wazee na kujiamulia. Matokeo nayo hayakumpendelea yeyote. Yalionyesha kwamba Waluhya hawana chimbuko moja. Baadhi ya koo zao zina asili ya Kikalenjin na ya Kimaasai, na jina hilo la pamoja lilienea wakati wa ukoloni.

Baadaye Were alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Nairobi na mkurugenzi wa Taasisi ya Taaluma za Kiafrika. Aidha, alishirikiana na Derek Wilson kuandika kitabu cha historia ya Afrika Mashariki kilichotoka 1968 na kutumiwa sana shuleni. Alifariki katikati ya miaka ya 1990. Miaka michache kabla ya hapo, kuanzia 1991, mapigano ya kikabila yalikuwa yamewafurusha watu makwao katika Trans Nzoia na Bungoma. Waliofukuzana walikuwa jamii zilezile ambazo yeye alikuwa ameonyesha, robo karne kabla, kwamba zimechanganya damu.

Mwanafunzi wa Kiswahili anayekwenda nyanjani kukusanya fasihi simulizi ana la kujifunza hapa. Si kila mwenye mvi ni mtaalamu, wala mtaalamu mmoja hatoshi. Baada ya kumsikiliza mzee wa boma hili, sharti avuke mto akamsikilize na wa ng'ambo.