Alfred Williams: Mfua Chuma na Mwanalugha wa Swindon

Miongoni mwa waliozamia taaluma ya lugha nje ya vyuo ni Alfred Williams, aliyezaliwa mwaka 1877 kijijini South Marston, karibu na Swindon, mji wa Uingereza uliokuzwa na karakana za reli ya Great Western. Katika karakana hizo alitumika zaidi ya miaka 20 kwenye nyundo ya mvuke. Kilatini na Kiyunani alijifundisha mwenyewe baada ya kazi. Husimuliwa kwamba herufi za Kiyunani aliziandika kwa chaki kwenye mashine yake ili azikariri.

Afya ilimlazimisha kuacha kazi mwaka 1914. Mwaka uliofuata kilitoka kitabu chake kuhusu maisha ya karakana, alichokizuia alipokuwa angali mwajiriwa. Kisha alizunguka kwa baiskeli vijiji vya bonde la juu la mto Thames, akikusanya mamia ya nyimbo kutoka kwa wazee. Aliandika maneno pasipo lahani. Kwa mwanamuziki hiyo ni kasoro kubwa. Kwa mwanaisimu, maneno hayo pekee ni hazina.

Utumishi wa jeshi ulimfikisha India, na baadaye alijifunza Kisanskriti, akatafsiri hadithi za Panchatantra. Tafsiri hiyo ilichapishwa mwaka 1930. Mwezi Aprili mwaka huohuo alifariki, akiwa fukara.