Shaaban Robert na Kazi ya Kuuliza

Wanachuo wengi humjua Shaaban Robert kwa tenzi na insha zake, na hukariri mwaka aliozaliwa bila kujiuliza alifanyaje kazi. Hapa tunapenda kumweleza kwa upande usiotajwa sana darasani, nao ni upande wa mtafiti.

Alizaliwa mwaka 1909 kijijini Vibambani, karibu na Machui, kusini ya mji wa Tanga. Alisoma Dar es Salaam kati ya 1922 na 1926, kisha akaajiriwa karani katika Idara ya Forodha hadi 1944, Pangani ikiwa miongoni mwa vituo vyake. Baadaye alihamia Mpwapwa, katika idara ya wanyama, akarejea Tanga 1946. Hakupita chuo kikuu. Alichokuwa nacho ni desturi ya karani wa forodha: kila kitu kiandikwe ni nini, ni cha nani na kimefika siku gani. Ni dhana yetu tu, lakini twaona desturi hiyo haikumwacha hata alipoketi kuandika vitabu.

Jambo linalotuhusu zaidi ni wasifu wa Siti binti Saad. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, akauza vyungu kabla ya kuimba, na mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo zake katika sahani za santuri. Sifa zake zilienea pwani nzima, na kila baraza lilikuwa na habari yake. Shaaban Robert angeweza kuokota habari hizo pale pale Tanga, akaandika kitabu. Badala yake alimwendea mwenyewe, akamhoji. Siti alifariki Julai 1950, miezi michache tu baada ya mahojiano hayo. Wasifu ulichapishwa 1958. Lau mwandishi angeahirisha safari yake mwaka mmojawapo, sehemu kubwa ya maisha ya mama yule tungekuwa nayo kwa uvumi tu.

Hata hivyo tusimfanye malaika. Katika wasifu ule anasifu zaidi ya anavyopima, na msomaji hupata taabu kutenga neno la Siti na neno la mwandishi. Kosa hili huonekana pia katika madaftari ya wanafunzi wetu, na mwalimu afaa kulionyesha bila kuona haya kwa sababu ya ukubwa wa jina.

Barua alizomwandikia nduguye, Yusuf Ulenge, tangu 1931 hadi 1958 zilihifadhiwa, zikatolewa kitabu mwaka 2002. Mtoto wa darasa la nne aweza kuelewa kwa nini karatasi yenye tarehe ina thamani kuliko kumbukumbu isiyo nayo.

Shaaban Robert alifariki Juni 1962, akazikwa Vibambani. Aliyekuwa na miaka kumi wakati ule sasa ni mzee. Kadhalika wapo wazee waliokata mkonge katika mashamba ya Tanga kabla hayajataifishwa mwaka 1967, nao wanapungua. Kwa vita vya Tanga vya Novemba 1914 tumekwisha chelewa: hakuna shahidi wa kuulizwa, yamebaki makaburi na maandishi.

Mwanachuo atakayekwenda kwenye mazoezi ya kufundisha upande huo na ajaribu hivi. Kila mtoto atunge maswali matatu, amwamkie mzee, aombe ruhusa, asikilize, kisha aandike jina la mzee, mahali, siku na jibu kwa maneno ya mzee mwenyewe. Maoni ya mtoto yakae ukurasa wa pili. Watoto wawili wamwulize kila mmoja mzee wake jambo lile lile. Majibu yakihitilafiana, yaandikwe yote mawili. Mwalimu asikimbilie kusahihisha. Awaulize watoto nani alikuwapo kwa macho yake, na nani alisimuliwa.