Mtakatifu Antoni wa Padua: Aliyepoteza Mpango Wake

Wengi wetu tunamfahamu Mtakatifu Antoni wa Padua kama mwombezi wa waliopoteza vitu. Funguo zikipotea, au fedha za ada zisipoonekana, hatukosi bibi nyumbani wa kutukumbusha tumwombe. Lakini tunasahau kwamba yeye mwenyewe alipoteza kitu kikubwa kuliko funguo. Alipoteza mpango wa maisha yake, wala hakuupata tena.

Alizaliwa Lisbon, nchini Ureno, yapata mwaka 1195, akabatizwa kwa jina la Fernando. Akiwa bado kijana alijiunga na Wakanoni wa Mtakatifu Augustino, na baadaye akahamia monasteri yao ya Coimbra, mbali na marafiki waliokuwa wakimtembelea mara kwa mara. Huko alisoma kwa bidii Maandiko Matakatifu na mafundisho ya Mababa wa Kanisa. Kwa macho ya watu, njia yake ilikuwa imekwisha nyooka.

Mwaka 1220 miili ya Wafransisko watano waliouawa Moroko kwa ajili ya imani ililetwa Coimbra. Fernando aliguswa mno. Aliomba ruhusa ya kuwaacha Wakanoni, akavaa kanzu ya Wafransisko na kuchukua jina la Antoni. Alikuwa na shabaha moja: kwenda Moroko kumhubiri Kristo na, Mungu akipenda, kuyatoa maisha yake kama wale watano.

Hapa ndipo penye fumbo. Mpango huu haukuwa wa tamaa wala wa majivuno. Ulikuwa mpango mtakatifu, uliozaliwa katika sala. Hata hivyo haukutimia. Antoni alipofika Moroko alishikwa na ugonjwa mkali, akalala kitandani majira yote ya baridi bila kuifanya kazi aliyoijia. Ikambidi arudi. Akiwa njiani kuelekea Ureno, upepo mkali ukakisukuma chombo chake hadi kisiwa cha Sisilia. Kwa hiyo ufiadini hakuupata, na kwao hakufika.

Mwaka 1221 alikwenda Asizi pamoja na ndugu wa Sisilia, kwenye mkutano mkuu wa shirika, na Mtakatifu Fransisko mwenyewe alikuwepo. Mkutano ulipokwisha, ndugu walirudi kwenye vituo vyao pamoja na wakuu wao. Hakuna aliyemwomba Antoni. Alikuwa mgeni, tena dhaifu wa mwili, na watu hawakumjua. Ndipo alipomwendea Ndugu Graziano, mkuu wa kanda ya Romagna, akamwomba amchukue. Akapelekwa Montepaolo, nyumba ndogo ya upweke karibu na mji wa Forlì. Huko alisali, alifunga, na kama mapokeo yanavyosimulia, aliosha vyombo na kufagia. Elimu yake ya Coimbra hakuitangaza kwa mtu.

Tukae kidogo hapo Montepaolo. Sisi tunajua yaliyofuata, Antoni hakuyajua. Alipokuwa akishika ufagio, hakuna aliyemwahidi kwamba siku moja angehubiri. Alichokuwa nacho ni sala, utii na kazi ya siku ile. Kumtumaini Mungu kwake hakukuwa kuijua kesho, bali kuifanya kwa uaminifu kazi iliyokuwa mkononi.

Mwaka 1222 Wafransisko na Wadominiko walikusanyika Forlì kwa ajili ya upadirisho. Ikaonekana kwamba hakuna aliyejiandaa kuhubiri, na kila aliyeombwa akakataa. Mkuu akamwamuru Antoni aseme lolote ambalo Roho Mtakatifu angemjalia. Alianza taratibu, na kadiri alivyoendelea wasikilizaji wakastaajabu. Miaka ya masomo iliyodhaniwa kuachwa Coimbra ilikuwa hai ndani yake.

Tangu siku hiyo alihubiri kaskazini mwa Italia na kusini mwa Ufaransa. Fransisko alimruhusu kuwafundisha ndugu teolojia, mradi masomo yasiizime roho ya sala. Kwaresima ya mwaka 1231 alihubiri Padua, na kwa maombi yake mji ukalegeza sheria iliyowafunga gerezani maskini wasioweza kulipa madeni. Alifariki tarehe 13 Juni mwaka huohuo. Hata mwaka haukuisha kabla Papa Gregori IX hajamtangaza mtakatifu, na mwaka 1946 Papa Pius XII alimtangaza Mwalimu wa Kanisa.

Miongoni mwetu wapo walioambiwa waiache seminari wakati kanzu ilikuwa tayari kwa fundi. Wapo waliofiwa na mwenzi wa ndoa, na waliopoteza kazi iliyokuwa tegemeo la familia nzima. Hatuthubutu kuwaambia kwamba Forlì yao iko karibu, kwa maana siri hiyo ni ya Mungu. Ila kwa Antoni tunajifunza mambo mawili. Hata mpango mwema unaweza kuvunjika bila Mungu kutuacha. Na huku tukingoja, tuombe nafasi kama alivyomwomba Graziano, hata ikiwa ni nafasi ya kuosha vyombo.

Mtakatifu Antoni wa Padua, utuombee.