Tom Mboya na Hesabu ya Wasio na Kazi

Katika kisiwa cha Rusinga, Ziwani Victoria, limo kaburi la Tom Mboya, lililojengwa kwa umbo la risasi. Wengi humkumbuka kwa risasi hiyo iliyomuua jijini Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Wengine humkumbuka kwa ndege zilizowapeleka vijana wetu kusoma Marekani tangu 1959. Mimi, ambaye riziki yangu ni kuchunguza maneno, humkumbuka kila ninaposikia neno kazi.

Maisha yake yenyewe yalianzia kwenye msako wa mshahara. Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilimambogo, mbali na Rusinga ya wazazi wake, kwa kuwa babake alikuwa nyapara katika shamba la mkonge la mlowezi. Alisoma St Mary's Yala, si mbali na Kisumu, kisha Mangu, akawa bwana afya wa Baraza la Jiji la Nairobi. Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 23, alikuwa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na mwaka 1962 akawa Waziri wa Leba.

Mwaka 1964 alikuwa Waziri wa Sheria katika serikali iliyofanya mapatano ya pande tatu. Serikali iliahidi kuongeza wafanyakazi wake kwa asilimia 15, waajiri wa binafsi kwa asilimia 10, navyo vyama vikakubali kutodai nyongeza ya mishahara kwa mwaka mmoja. Ofisi zikafunguliwa kuwaandikisha wasio na kazi. Zaidi ya watu 200,000 walijitokeza, idadi iliyopita mbali sana nafasi zilizokuwapo!

Je, watu hao walitoka wapi? Wengi wao walikuwa na jembe na shamba. Fununu ya ajira ndiyo iliyowatoa vijijini. Mwaka 1970 wanauchumi John Harris na Michael Todaro walieleza kwamba mtu huhamia mjini kwa kupima mshahara anaoutarajia pamoja na bahati ya kuupata. Hivyo kuongeza kazi mjini kwaweza kuongeza wasio na kazi papo hapo.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Mvuvi wa Dunga, pale Kisumu, atakwambia hana kazi ilhali ameamka alfajiri kuvuta nyavu. Anachokosa ni ajira. Kwa kipimo cha kimataifa cha mwaka 1982, aliyefanya kazi ya kipato kwa saa moja tu katika juma la uchunguzi huhesabiwa kuwa na kazi. Na asiyekuwa nayo huhesabiwa tu ikiwa anaitafuta na yu tayari kuianza. Aliyekata tamaa akaacha kutafuta hutoweka kwenye hesabu. Isitoshe, sababu si moja. Uvuvi wa omena unapopigwa marufuku kuanzia Aprili hadi Julai, huo ni ukosefu wa msimu. Kiwanda cha nguo cha KICOMI kilipofungwa mjini Kisumu katika miaka ya 1990, aliyebaki na ujuzi wa kufuma usiotakiwa tena alikumbwa na ukosefu wa kimuundo, ambao mvua na msimu haviuondoi.

Mboya aliongoza Wizara ya Mipango ya Uchumi tangu mwisho wa 1964, na waraka nambari 10 wa 1965 ni kazi ya wizara yake. Humo ilielekezwa kwamba fedha za maendeleo zipelekwe kule zitakakozalisha zaidi. Hoja hiyo ina mantiki ya mhasibu, lakini naiona ilikuwa kali mno kwa pwani ya ziwa, ambako vijana waliendelea kupanda gari la moshi kwenda Nairobi kama babake Mboya alivyotangulia kuondoka.

Mwaka 1972 wajumbe wa Shirika la Kazi Duniani walikuja Kenya kuchunguza ukosefu huo. Walikuta kwamba tatizo kubwa kuliko wasio na kazi ni wanaofanya kazi kutwa na bado ni maskini: mafundi, wachuuzi, wauza samaki. Mboya alikuwa amelala Rusinga mwaka wa tatu.