Louis Braille, Mwanafunzi Aliyeifundisha Shule Yake

Milima ya Uluguru, ambayo husimama nyuma ya mji wa Morogoro na kupita mita 2,600 kwenda juu, ni nchi yenye neema. Humo huanzia mto Ngerengere na mito mingine iingiayo Ruvu, ambao maji yake hunywewa hata Dar es Salaam. Huko Mgeta mboga hulimwa katika matuta yapandayo kama ngazi, na huko Matombo misioni ilianzishwa tangu mwaka 1897. Lakini nchi hii nzuri ina vijia vyembamba, miteremko mikali, na nyumba zilizotawanyika. Mtoto mwenye macho mazima huweza kupata taabu kufika shuleni. Basi itakuwaje kwa yule asiyeona? Tena mkoa wa Morogoro umo katika sehemu za Tanzania zilizojulikana kwa ugonjwa wa usubi, uletwao na nzi wadogo weusi wazaao katika mito iendayo kasi. Ugonjwa huo ukiachwa bila dawa huweza kumpofusha mtu. Na mzee akiisha kupofuka, mara nyingi mtoto ndiye ashikaye ncha ya fimbo yake, hata shule ikampita mtoto huyo pia.

Twajiuliza basi: mtoto asiyeona apelekwe shule ili afanyiwe nini? Wako wanaojibu kwamba apelekwe ili ale, alale, na ahurumiwe. Wako wengine, wasiosema kwa sauti, ambao hufikiri apelekwe ili mzigo uondoke nyumbani. Majibu hayo yote mawili hayatoshi. Ili tupate lililo bora, twapenda leo kuyasimulia maisha ya mtu ambaye jina lake latajwa na wasioona wa ulimwengu mzima.

Louis Braille alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 katika kijiji cha Coupvray, upande wa mashariki ya Paris, huko Ufaransa. Baba yake, Simon-René, alikuwa fundi wa matandiko ya farasi, na karakana yake ilijaa ngozi na vyombo vikali. Mtoto alipokuwa na umri wa miaka mitatu aliingia humo peke yake, akachukua chombo kimoja ili amwige baba. Wasimulizi wengi husema kilikuwa msharasi, yaani chombo kile chenye ncha ambacho washona viatu wetu hutobolea ngozi. Chombo kikateleza, kikamchoma jicho. Siku zile dawa za kuzuia kidonda kisioze hazikuwako. Uovu wa jicho moja ukaenea hata jicho la pili, na alipofika miaka mitano hakuona tena kitu.

Wazazi wale hawakumficha. Walimpa fimbo, wakamzoeza kutembea kijijini, wakampa kazi ndogo ndogo za mikono pamoja na wenzake wa nyumba ile. Paroko, Padre Jacques Palluy, alimfundisha mwenyewe, kisha akamwombea nafasi kwa mwalimu wa kijiji. Louis akakaa darasani pamoja na watoto waonao, akawashinda wengi kwa kukumbuka aliyoyasikia. Lakini kila vitabu vilipofunguliwa, yeye aliachwa nje. Hapo ndipo wazazi walipoona kwamba upendo wao, ingawa ni mkubwa, haukuweza kumpa mtoto wao kila kitu.

Tarehe 15 Februari 1819, akiwa na umri wa miaka kumi, alipelekwa Paris katika shule ya wasioona. Shule hiyo iliasisiwa na Valentin Haüy mwaka 1785, nayo ilikuwa ya kwanza ya namna yake ulimwenguni. Haüy alikuwa mtu mwema. Alichukizwa kuona vipofu wakichezewa na kuchekwa hadharani, akakata shauri kuwafundisha kusoma. Alichapa herufi za kawaida katika karatasi nene hata zikainuka, kusudi vidole viweze kuzipapasa.

Nyumba ya shule ilikuwa kuukuu, yenye unyevu na giza, na maisha ya humo yalikuwa magumu. Hata hivyo taabu kubwa zaidi haikuwa nyumba, bali vitabu vyenyewe. Vilikuwa vichache, vizito, na herufi zake zilikuwa kubwa, hata mwanafunzi akifika mwisho wa sentensi alikuwa amekwisha kusahau mwanzo wake. Na jambo baya kuliko yote, mwanafunzi hakuweza kuandika vizuri kwa herufi zile, wala kuyasoma aliyoyaandika mwenyewe. Kumbe shule yenye nia njema ilikuwa imewapa wasioona herufi zilizofanywa kwa ajili ya macho, si kwa ajili ya vidole.

Mwaka 1821 njia nyingine ilionyeshwa shuleni. Mtu mmoja aliyepata kuwa mwanajeshi, jina lake Charles Barbier, alikuwa amebuni maandishi ya nukta zilizoinuliwa katika karatasi. Nukta zake zilikuwa kumi na mbili kwa kila alama, nazo zilionyesha sauti tu, si herufi za maneno. Vijana walizipenda, lakini kidole kimoja hakikuweza kuifunika alama nzima kwa mara moja, wala hapakuwa na njia ya kuandika maneno kwa tahajia yake. Louis, ambaye alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, aliona kasoro hizo upesi kuliko watu wazima, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na shida.

Akaanza kazi. Masomo yalipokwisha, na hata wakati wa likizo huko Coupvray, alikuwa akitoboa karatasi kwa kichuma chenye ncha, akijaribu na kufuta na kujaribu tena. Mwaka 1824, naye ana umri wa miaka kumi na mitano tu, kazi ikawa imekamilika kwa sehemu kubwa. Alizipunguza nukta zikawa sita, zilizopangwa safu mbili za tatu tatu, ambazo zaingia sawasawa chini ya ncha ya kidole. Nukta hizo sita zaweza kupangwa kwa namna 63, nazo zatosha kwa herufi, tarakimu, alama za kuandika, na hata muziki. Katika maandishi hayo herufi A ni nukta moja, na M ni nukta tatu. Hivyo neno mama, ambalo ni miongoni mwa maneno ya kwanza ya mtoto wa Kiswahili, laandikwa kwa nukta nane. Katika nchi yetu maandishi haya huitwa nukta nundu.

Tena tazameni, wasomaji: chombo cha kuandikia nukta nundu kwa mkono ni kichuma kidogo chenye ncha, ndugu wa msharasi. Kitu cha namna ileile iliyomnyima macho ndicho alichokitumia kuwafungulia wenziwe vitabu.

Mwaka 1829 alitoa kitabu cha kuyaeleza maandishi yake, na mwaka 1833 akawa mwalimu kamili katika shule ileile iliyomlea. Alifundisha sarufi, historia, hesabu na muziki, na wanafunzi walimpenda kwa upole wake. Alikuwa pia mpiga kinanda hodari, akapewa kazi hiyo katika kanisa la Saint-Nicolas-des-Champs mjini Paris.

Hata hivyo hakuheshimiwa na wote. Mwaka 1840 shule ilipata mkuu mpya, Pierre-Armand Dufau, naye akayapiga marufuku maandishi ya nukta. Sababu haikuwa uovu mtupu. Walimu waonao walitaka herufi ambazo wao wenyewe waliweza kuzisoma bila kujifunza upya, tena waliogopa kwamba wanafunzi watatengwa na watu wengine. Lakini vijana hawakuziacha nukta; waliziandika kwa siri, wakafundishana wao kwa wao. Mkuu msaidizi, Joseph Guadet, alitambua ukweli, akamshauri mkuu wake mpaka akakubali. Mwaka 1844, katika sherehe ya kufungua nyumba mpya ya shule, maandishi yale yalionyeshwa mbele ya watu wote. Hapo waliokuwa na shaka waliona kwa macho yao jinsi mtoto asiyeona awezavyo kuandika anachosomewa, na mwenziwe akakisoma bila kukosea.

Wakati huo Louis alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu kwa miaka mingi. Alifariki dunia mjini Paris tarehe 6 Januari 1852, siku mbili baada ya kutimiza miaka 43, akiisha kupokea sakramenti za Kanisa. Rafiki zake walisimulia kwamba aliacha kisanduku, akaagiza kichomwe bila kufunguliwa. Walipokifungua walikuta hati za madeni ya watu aliowakopesha, ambao hakutaka wadaiwe. Miaka miwili baadaye, mwaka 1854, maandishi yake yalikubaliwa rasmi katika Ufaransa. Mwaka 1952 mabaki yake yalihamishiwa Panthéon, wanakozikwa wakuu wa nchi ile. Lakini mikono yake ilibaki Coupvray, kijijini kwake.

Katika maisha haya twapata jibu la swali letu. Kazi ya shule ya wenye mahitaji maalumu si kuwa ghala la kuwahifadhia watoto, wala si kuwafanya wafanane na sisi. Kazi yake ni kumpa mtoto chombo kinachomfaa yeye, na kisha kumsikiliza, kwa maana huenda yeye akajua shida yake na dawa yake kuliko mwalimu. Shule ya Paris ilimpa Louis mwanzo mwema ilipomfungulia mlango. Nusura iharibu kazi yake yenyewe ilipopenda njia yake kuliko mtoto wake. Mwalimu yeyote wa leo, awe wa wasioona, wa viziwi, au wa wenye ulemavu wa akili, yampasa kuyapima hayo moyoni. Siku hizi ziko simu na kompyuta zinazosoma kwa sauti, nazo ni msaada mkubwa. Lakini mtoto asikiaye tu bila kusoma hajui maneno yaandikwavyo, naye huwa bado amenyimwa nusu ya elimu.

Nchi yetu ilichelewa, lakini haikulala. Ndugu zetu Waanglikana walifungua shule ya wasioona huko Buigiri, Dodoma, mwaka 1950. Walutheri wakafungua ya Irente, karibu na Lushoto, mwaka 1963. Na mwaka huohuo Kanisa Katoliki likafungua shule ya viziwi huko Tabora. Katika Morogoro vituo vya Amani na Mehayo vimejulikana kwa kuwalea na kuwafundisha wenye ulemavu wa akili. Lakini shule haiwezi kumfundisha mtoto ambaye haijui habari zake.

Hapo ndipo penye wajibu wa jamaa. Katika Uluguru, ambako ukoo hufuatwa kwa upande wa mama, neno la mjomba lina uzito juu ya mtoto. Basi enyi wajomba, nanyi akina mama na akina baba wa milimani na wa nchi nzima, msimzuie mtoto kwa kumhurumia, wala msimpeleke kwa kumchoka. Mpelekeni kama vile fundi wa Coupvray alivyompeleka mwanawe, akimtumainia. Kisha mfuateni kwa barua na kwa kumtembelea, na likizo ikifika mpokeeni nyumbani kwa furaha, mpate kusikiliza aliyojifunza. Walimu nao wawatume wanafunzi wao nyumbani na kazi ya kuonyesha, ili kijiji kijue kwamba mikono ile yaweza kitu.

Mtoto wa fundi wa matandiko hakungoja mwenye macho amletee nuru. Alipewa nafasi, akaitumia, na faida yake imewafikia watu wa mataifa yote. Nani ajuaye ni mtoto gani, katika nyumba gani ya mlimani, ambaye leo amekosa nafasi hiyo tu?