KAPTENI ABEBE BIKILA (1932–1973)

Katika jarida hili la kumbukumbu, Kamati imeona vema kuwasimulia maisha ya Kapteni Abebe Bikila wa Ethiopia, mwanajeshi aliyekuwa pia mwanariadha wa kimataifa.

Abebe alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 katika kijiji cha Jato, Shewa. Angali mtoto, vita vya Waitalia viliilazimisha familia yake kuhama makwao. Alipokua aliingia jeshi la walinzi wa Mfalme Haile Selassie, na huko kocha Onni Niskanen kutoka Sweden akamfundisha mbio ndefu.

Tarehe 10 Septemba 1960, katika Olimpiki ya Roma, alikimbia marathoni, kilomita 42 na mita 195, pekupeku, kwa sababu hakupata viatu vilivyomkaa vizuri. Karibu na mnara wa Aksum, ambao Waitalia waliuchukua Ethiopia mwaka 1937, alimwacha Rhadi wa Moroko. Alimaliza usiku, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, mbio ambazo wakati huo hakuna aliyekuwa amewahi kuzifikia. Mwaka 1964, huko Tokyo, alishinda tena wiki chache tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo. Akawa mtu wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili. Jeshini alipanda cheo hadi Kapteni.

Machi 1969 alipata ajali ya gari, wala hakutembea tena. Alitibiwa miezi mingi katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Mwaka 1970 alirudi pale pale, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, akashindana kwa upinde na mishale. Mwaka 1971 alishinda mbio za sleji katika theluji ya Norway.

Alifariki tarehe 25 Oktoba 1973, akiwa na miaka 41. Maelfu ya watu, na Mfalme mwenyewe, walimzika Addis Ababa.

Ndugu zetu, kambini wapo waliopoteza miguu au mikono vitani na njiani. Siku za michezo huwa tunawawekea viti pembeni ili watazame. Abebe hakukubali kuwa mtazamaji. Kamati inaomba viongozi wa michezo na mashirika wawape nao nafasi uwanjani.

Kamati ya Wakimbizi, Bujumbura