Lloyd Mathews na Jeshi la Sultani wa Zanzibar

Lloyd William Mathews alizaliwa mwaka 1850 katika kisiwa cha Madeira, akajiunga na jeshi la majini la Uingereza mwaka 1863 angali mvulana. Mwaka 1875 alipangiwa kazi katika manowari London, iliyowekwa Zanzibar kuzuia majahazi ya watumwa.

Enzi hizo Sultani Barghash bin Said alitegemea askari wa Kiarabu, Kiajemi na Kibaluchi. Mwaka 1877 Mathews alipewa jukumu la kumwundia jeshi la mtindo wa Ulaya. Akaanza na watu 300, Waafrika wengi wao, akawafunza gwaride na shabaha. Uingereza ikatoa bunduki 500. Askari walivaa kofia nyekundu, koti fupi jeusi na suruali nyeupe. Bila shaka walipendeza machoni pa Barghash. Kufikia mwaka 1880 walikuwa 1,300, na mwaka uliofuata Mathews aliacha utumishi wa Malkia akawa jenerali wa Sultani.

Utiifu wake kwa Barghash haukuwa wa bandia. Mwaka 1885, Wajerumani walipoinyemelea bara, ndiye aliyetumwa Kilimanjaro kuwashawishi machifu wakubali bendera ya Sultani. Hata hivyo, Uingereza iliyotoa bunduki haikukubali kumtetea Barghash dhidi ya Ujerumani, na jeshi lile zuri halikumfaa kitu manowari za Kijerumani zilipotia nanga mbele ya kasri lake mwaka uo huo. Alifariki mwaka 1888.

Zanzibar ilipokwisha kuwa chini ya himaya ya Uingereza, Mathews aliteuliwa Waziri Mkuu mwaka 1891, na Sultani hakuwa na uwezo wa kumwondoa. Hapo ndipo ilipodhihirika jeshi lilikuwa la nani. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki, na Khalid akalitwaa kasri bila idhini ya Waingereza. Siku mbili baadaye manowari zililipiga kasri hilo kwa mizinga kwa muda wa dakika 40 hivi. Watu wapatao 500 wakauawa au kujeruhiwa. Askari wa Kizanzibari wapatao 900, chini ya Mathews na afisa wake Raikes, walisimama upande wa Waingereza. Khalid, aliyekimbilia ubalozi wa Ujerumani, alikuwa mwanawe Barghash.

Mathews alifariki kwa malaria tarehe 11 Oktoba 1901, akazikwa papo hapo Zanzibar katika makaburi ya Waingereza.